Manjano ya Mkono wa Kushoto

Glavu ya tano ilirudi Jumanne asubuhi ndani ya mfuko wake wa plastiki, na kikaratasi kimebandikwa juu: Siyo. Neno hilo moja tu. Araksi Demirchian alilisoma mara mbili, kisha akaitundika glavu kwenye kamba pamoja na zile nne zilizotangulia. Zikawa tano zinaning'inia juu ya masufuria ya rangi, zote za mkono wa kushoto, zote za manjano, na hakuna iliyofanana na mwenzake.

Hovik, mkata ngozi, alipita na kikombe chake cha kahawa akasimama kuzitazama.

"Dada Araksi, zikifika kumi na mbili tufungue duka la watu wenye mkono mmoja."

"Cheka. Kazi ikienda London utachekea nyumbani kwa mkeo."

"Mke wangu hapendi nicheke nyumbani. Ndiyo maana nachekea hapa."

Araksi aligeukia masufuria yake. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, si mwepesi wa maneno, lakini macho yake hayakupitwa na kitu. Miaka ishirini na sita alikuwa katika chumba kile cha rangi, nyuma kabisa ya karakana ya Wendell Ostrander huko Burbank. Pale walishona mavazi ya wale mashujaa wa vitabu vya katuni wanaoruka angani na kunyanyua malori, pale kampuni za sinema zinapotaka kuwatoa kwenye karatasi na kuwavalisha watu wenye damu na jasho. Kila asubuhi alikuwa akiwasha jiko, anapiga ishara ya msalaba juu ya sufuria la kwanza, ndipo anagusa unga wa rangi. Vijana wa karakana walikuwa wameshazoea. Wengine walikuwa wanasubiri amalize ndipo wamsalimie.

Safari hii shujaa alikuwa Mpigakengele. Vazi lake lote lilikuwa limekubaliwa: koti la kijivu, mkanda wa shaba, buti, glavu nyekundu ya mkono wa kulia. Ilibaki ya kushoto. Na mwenye neno la mwisho, kwa mujibu wa mkataba, hakuwa mwelekezi wala kampuni. Alikuwa Bibi Corinne Lindqvist, binti wa marehemu Emmett Lindqvist aliyemchora Mpigakengele tangu kitabu cha kwanza. Ijumaa saa sita mchana ndiyo ilikuwa mwisho. Bila saini yake, kampuni ingehamishia kazi yote London, shujaa pamoja na maadui zake arobaini. Wendell alikuwa amewaita watu wote ishirini na wawili akawaambia bila kuzunguka kwamba hiyo ikitokea, yeye atafunga mlango.

Habari ya glavu ile kila mtu aliijua. Katika kitabu cha kumi na nne, mwaka 1962, Mpigakengele alitokea kwenye jalada akiwa na glavu nyekundu kulia na ya manjano kushoto. Msomaji mmoja akaandika barua kuuliza kulikoni. Mchoraji akamjibu kwenye ukurasa wa barua: nilikuwa na kaka, jina lake Axel, aliganda kwenye theluji vitani Korea, na kitu pekee kilichorudi nyumbani ni glavu yake ya kushoto, ya manjano. Tangu siku hiyo glavu ile haikuguswa. Kulikuwa na watu waliojichora mkono wa kushoto kwa wino usiofutika. Katika sinema hii mpya, mwigizaji alikuwa analia juu ya glavu hiyo dakika nne nzima, na waliomwona kwenye majaribio walisema hata wapiga picha walijifuta macho.

Kwa hiyo haikuwa glavu tu, na Araksi alilijua hilo. Alichokuwa hajui ni anakosea wapi.

Maana kuvunja rangi ndiyo ilikuwa kazi yake. Kwenye kitabu, rangi ni mbichi: nyekundu kama pilipili, manjano kama kiini cha yai. Ukimvisha binadamu rangi zile na kumweka mbele ya kamera, atafanana na mwanasesere. Basi mtia rangi huzivunja. Kwenye manjano unatia zambarau kidogo, punje tu, ukali unashuka, ngozi inakuwa ya mtu aliyetembea juani na mvuani. Hakuna rangi iliyowahi kutoka chumba kile bila kuvunjwa. Araksi alikuwa amevunja manjano ile kwa zambarau, kwa kahawia, kwa majivu, kwa chai kali, na mara ya tano kwa tone la buluu. Na mara zote tano jibu lilikuwa siyo.

Alimfuata Wendell ofisini.

"Bosi, mimi naiga karatasi iliyozeeka. Kila kitabu ninacholetewa kina manjano yake. Nataka kuona rangi aliyopaka mzee Lindqvist kwa mkono wake."

Wendell alikuwa amejaa kwenye kiti chake kama mtu aliyemwagwa. "Nitampigia Bibi Corinne. Na kuna kitu kingine. Watu wa matangazo wamempata bibi mmoja, anakaa Van Nuys kwa mwanawe. Ujanani alikuwa kwenye kile kiwanda cha Connecticut kilichoandaa rangi za vitabu. Wanataka kumpiga picha akishika glavu."

"Mlete."

"Araksi, yule ana miaka themanini na tatu."

"Macho ya mtia rangi hayazeeki. Mlete."

*

Walikuja Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Bibi Corinne aliingia kwanza, mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu, nywele za fedha zimefungwa vizuri, na boksi la karatasi kifuani. Alimpa Araksi mkono kwa adabu ya mtu aliyemkatalia mwenzake mara tano na anaona haya.

"Usidhani nakuonea," alisema. "Nikiiona nitaijua. Baba alipokufa nilitafuta glavu ya manjano nimzike nayo, nikazunguka maduka wiki nzima. Niliyomvisha haikuwa yenyewe. Ile inaniuma mpaka leo. Hii nataka iwe yenyewe."

"Mkono wa kushoto?" aliuliza Araksi.

"Mkono wa kushoto."

Nyuma yake akaja Philomena Wasko, kibibi kifupi kilichojikunja kidogo mgongoni, na mkoba mkubwa kuliko yeye. Hovik alimvutia kiti. Philomena akakitazama kiti, akamtazama Hovik.

"Nikikaa hapo nitanyanyuliwa na nani?"

"Mimi, bibi."

"Wewe? Wewe mwenyewe magoti yanalia, nimeyasikia ukija." Akakaa. Kisha akainua uso akaziona zile glavu tano kwenye kamba. "Hizi zina ugonjwa gani?"

Wendell akacheka kidogo, cheko la mtu asiyejua acheke au asicheke. Akamweleza bibi kwa kirefu: Mpigakengele, glavu, Ijumaa. Philomena alisikiliza huku mdomo wake ukiwa wazi kidogo.

"Sikuwahi kukisoma hata kimoja," alisema. "Tulikuwa tunapaka kurasa arobaini kwa wiki. Mpishi wa hotelini hali chakula chote anachopika."

"Lakini Lindqvist unamkumbuka?" aliuliza Corinne.

"Namkumbuka kwa barua. Wewe ni nani yake?"

"Bintiye."

"Pole, mwanangu. Baba yako alitusumbua sana. Kivuli cha pua kikizidi unywele, barua inakuja. Kitufe kimesahaulika, barua. Msimamizi wetu alikuwa anazisoma kwa sauti tukiwa tumesimama, kama watoto wa shule."

Corinne alitabasamu. Ndivyo alivyomjua baba yake. Akafungua boksi, akatoa michoro ya penseli, kalamu zilizokauka, na bahasha moja ya kahawia iliyofungwa kwa utepe mpana wa gundi, imeandikwa: Jalada 14, rangi.

"Hii sijawahi kuifungua," alisema. "Hata yeye hakuifungua, utepe ni uleule. Nilidhani ni mambo ya kiwandani."

Philomena aliichukua bila kuombwa. "Ni yetu. Tukimaliza kazi tunamrudishia mchoraji kielelezo chake. Yeye anatupakia kwenye karatasi ndogo namna anavyotaka iwe, na sisi tunafuata." Akaigeuza, akagusa pembe ya bahasha kwa ukucha. Pale palikuwa na herufi mbili ndogo za penseli. "P.W. Jalada hili nilipaka mimi."

Wendell alisogea karibu kabisa. Araksi alileta mkasi, akakata utepe taratibu kama anavyokata mshono wa vazi la thamani, akachomoa karatasi iliyokuwa ndani. Miaka sitini gizani. Rangi zilikuwa mbichi kana kwamba zimepakwa jana. Koti la kijivu. Mkanda wa shaba. Mikono miwili imeinuliwa.

Yote miwili myekundu.

Corinne aliinama. Akavaa miwani yake, akaivua, akaifuta, akaivaa. "Hii siyo yenyewe," alisema. "Itakuwa ya kwanza. Itakuwa alibadilisha baadaye."

"Ina tarehe," alisema Hovik, na mara moja akatamani asingesema.

Araksi alikuwa haitazami tarehe. Alikuwa anatazama nyekundu ile, halafu jalada lililochapwa pale mezani, mojawapo ya nakala alizoletewa aziige. Alijua jibu kabla hajalitaka. Kwenye uchapaji wa zamani hakukuwa na wino mwekundu. Nyekundu ilikuwa wino wa manjano uliofunikwa na wino wa waridi. Ukiondoa waridi, kinachobaki ni manjano.

Aliinua macho, akakutana na macho ya Philomena. Bibi naye alikuwa ameshafikia jibu lilelile.

"Tulikuwa na karatasi angavu zinazoonyesha upande wa pili, moja kwa kila wino," alisema Philomena polepole. "Ya manjano, ya waridi, ya buluu. Mkono mwekundu unaupaka kwenye ya manjano, halafu unaupaka tena kwenye ya waridi." Akaweka kidole juu ya jalada, kwenye glavu ya kushoto. "Huu niliupaka mara moja."

"Unamaanisha nini?" aliuliza Corinne.

"Nilisahau, mwanangu."

"Ulisahau nini?"

"Mkono wa pili, kwenye karatasi ya waridi. Hii siyo glavu ya manjano. Ni glavu nyekundu ambayo haijaisha."

Sauti ya cherehani ilikuwa inatoka chumba cha mbele, inakwenda, inasimama, inakwenda. Wendell alikaa juu ya ndoo. Hakuangalia ni ndoo ya nini.

Corinne alibaki amesimama. Uso wake haukubadilika, na hilo ndilo lililomtia Araksi hofu. Alikwishaona uso kama huo mara moja, kwenye kioo cha hospitali, siku aliyoambiwa habari za mumewe.

"Kulikuwa na nini siku hiyo?" aliuliza Corinne. "Lazima kulikuwa na kitu. Ulipata habari mbaya? Uliumwa?"

Philomena alifikiri kwa uaminifu. Ilionekana anatafuta, anataka kweli kumpa kitu. "Agosti," alisema. "Joto. Stella Bodnar alikuwa anatusimulia harusi ya dada yake, bata mzinga aliingia kanisani. Tulicheka mpaka nikaweka brashi chini. Itakuwa hapo." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Sikumbuki kingine. Tulikuwa tunacheka tu."

"Mlikuwa mnacheka."

"Ndiyo, mwanangu."

"Nimemzika baba yangu na kicheko chenu mkononi."

Hakulia. Alilisema kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Philomena alijikunyata kwenye kiti akawa mdogo zaidi, na mikono yake ikashika mkoba kana kwamba kuna mtu atakayempokonya.

Wendell alisimama ghafla. "Jamani, hili halitoki humu. Hovik, umenisikia? Halitoki. Watu wamejichora mikono. Yule kijana analia dakika nne."

"Mimi nimesikia habari ya bata mzinga tu," alisema Hovik. Lakini hata yeye sauti yake ilikuwa imekauka.

Araksi alimvutia Corinne kiti, akamkalisha kwa kumgusa bega. Lakini kitu kimoja kilikuwa kinamkereketa, na alikuwa mtu wa kuuliza panapokereketa. Akamgeukia Philomena.

"Bibi, umesema alikuwa analeta barua kwa kila kosa."

"Kila kosa."

"Na kwa hili alisemaje?"

Kibibi kilikunja uso. "Hakusema," alisema mwishoni, na yeye mwenyewe akashangaa. "Ingekuja barua ningesomewa nimesimama. Mkono mzima umesahaulika, kwenye jalada, halafu Lindqvist anyamaze? Ningekumbuka mpaka kaburini. Haikuja barua."

Corinne aliinua kichwa.

"Mama yangu," alisema, kisha akasita. "Mama yangu alikuwa analalamika kitu kimoja maisha yake yote. Alikuwa anasema: habari za Axel nilizisoma kitabuni kama watu wengine. Miaka kumi wameoana, hajui kama mumewe alikuwa na kaka. Sisi tulidhani mama anatia chumvi." Akaitazama bahasha, na utepe wake wa miaka sitini. "Baba alijua kilichomo humu. Ndiyo maana hakufungua. Mtoto wa watu akamuuliza kwa nini glavu ni ya manjano, na jibu halikuwepo, na yeye akamtaja Axel."

"Na glavu ya Axel?" aliuliza Wendell. "Ile iliyorudi kutoka vitani?"

"Sijawahi kuiona. Hakuna aliyewahi kuiona."

Siku tatu Araksi alikuwa amemwomba Mungu amwonyeshe rangi ya kweli, na sasa alichoonyeshwa hakikuwa rangi, kilikuwa tundu. Wiki sita alikuwa akitafuta siri ya glavu ile: huzuni yake, theluji yake, uzee wake. Kila alipoivunja, alikuwa anaivunjia kaka aliyekufa.

"Nifanye nini?" Corinne alikuwa anamuuliza yeye, siyo Wendell. "Wewe ungefanya nini?"

"Mimi ni mtia rangi, bibi. Niambie rangi, nitaitia. Nyekundu, iwe nyekundu. Ziko tayari mbili kabatini."

Wendell alifumba macho. Nyekundu ilikuwa na maana ya sinema kuandikwa upya, na kila mtu pale alilijua hilo. Corinne alikinyoosha kielelezo mezani kwa viganja vyote viwili, akakiangalia kama mtu anayeangalia picha ya ndugu asiyefanana naye.

"Hii ni rangi aliyoitaka," alisema. "Halafu akafungua kitabu akakuta nyingine, na akaiacha. Baba yangu, aliyeandika barua kwa ajili ya kivuli cha pua, aliiacha." Akapumua. "Nataka aliyoiona siku hiyo alipofungua kitabu. Wino ukiwa bado mbichi."

Araksi alimwangalia Philomena. "Ilikuwa ya nini, bibi? Mlichanganya nini ndani yake?"

"Nini kichanganywe? Nimekwambia nimesahau. Manjano tupu, mia kwa mia. Hakuna kitu juu yake, hakuna kitu chini yake."

Na hapo ndipo Araksi aliposhtuka kuliko alivyoshtuka saa nzima ile. Aliziinulia macho zile glavu tano, akaona katika kila moja mkono wake mwenyewe: punje ya zambarau, punje ya kahawia, majivu, chai, tone la buluu. Miaka ishirini na sita ya ustadi ndiyo iliyokuwa inakataliwa. Haikuwahi kumjia kwamba rangi inaweza kuachwa.

Alichota maji safi. Akapima unga wa manjano, akaumimina wote, mkono ukaenda wenyewe kwenye chupa ya zambarau. Aliurudisha. Hovik alimletea glavu nyeupe ya ngozi ya mwanambuzi, mpya, haijaguswa. Akaitumbukiza mara moja, akahesabu kimoyomoyo, akaitoa, akaipitisha kwenye maji baridi, akaiweka chini ya feni. Walingoja. Philomena alitoa sandwichi ya yai kwenye mkoba wake, akaila nusu, akaifunga.

Ilipokauka ilikuwa kali mpaka inaumiza jicho. Ilifanana na kitu cha kuchezea. Araksi aliona haya kuishika; mwanafunzi wake angemletea kitu kama kile angemrudisha nyumbani.

"Kamera itapiga kelele," alinong'ona Wendell.

"Iache ipige," alisema Corinne. Alikuwa ameiweka juu ya jalada la kumi na nne, nakala iliyohifadhiwa vizuri kuliko zote, na kingo za glavu zikapotea ndani ya karatasi. Hazikuonekana zinaanzia wapi. Alitazama mpaka macho yakamjaa maji, ya ukali wa rangi au ya kitu kingine. Kisha akamwomba Wendell ile fomu, na akatia saini akiwa amesimama, siku moja kabla ya Ijumaa.

Wendell alitoka mbio kwenda kuwaambia wale wa mbele. Sauti zao zilisikika, mtu akapiga meza kwa mikasi.

Philomena alikuwa hajasogea. "Hiki kitabu," aliuliza, "kilisomwa na watu wangapi?"

"Kile cha kwanza, laki tatu," alisema Corinne. "Kimechapwa tena na tena. Sasa ni mamilioni, bibi. Na sinema ikitoka ni dunia nzima."

"Na wote wameliona kosa langu."

"Wote."

"Na hakuna hata mmoja aliyesema ni kosa?"

"Hakuna."

Kibibi kilitikisa kichwa, kikatikisa tena. Kisha kikanyoosha mkono mezani, kikachukua brashi nyembamba kutoka kwenye kopo la Araksi, kikaijaribu ncha yake kwenye kidole gumba.

"Waridi mnayo?" kiliuliza. "Dakika mbili tu, nimalize."

Corinne aliivuta glavu taratibu, akaiweka mapajani mwake, akaifunika kwa mikono yote miwili.

"Hapana, mama," alisema. "Tafadhali. Iache hivyohivyo."